Kahawa ya Watu wa Ghorofa ya Tatu

Sehemu ya Tano

Siku kaka yangu Wisam alipotutoka ilikuwa Jumatatu. Gari la gesi lilikuwa linapita mtaani likipiga ule muziki wake, na mama alikuwa anamfokea kwa sababu anaondoka bila kula.

"Yai tu, Wisam! Yai moja litakuua?"

"Likiniua utawaambia nini majirani, mama?"

Alicheka, akafunga mlango. Saa sita mchana alikaa kwenye ngazi za ofisi kufunga kamba za kiatu, hakuinuka tena. Moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mimi nilikuwa ghorofa mbili juu yake, nabonyeza kitufe kimoja mara ya themanini, na sikusikia kitu.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnayajua haya. Aliyefika leo nitampa kwa kifupi, kisha tuendelee, maana wiki hii imenielemea.

Mimi ni Rudaina. Niliishia sekondari. Kazi nilipewa na Wisam. Kampuni yao hapa Amman ina programu ya kupangia miadi ya hospitali, na mimi huibonyeza kabla haijafika kwa wagonjwa, nione inaharibika wapi.

Wisam na wenzake kumi na watatu walipanga pamoja ghorofa ya tatu ya nyumba moja kule Irbid, walipokuwa chuoni. Wote wakawa watu wa kompyuta. Leo wametapakaa katika kampuni za Amman, wengine wako Riyadh, wengine Berlin, na bado wanajiita Watu wa Ghorofa ya Tatu. Mmoja wao akifukuzwa kazi asubuhi, kabla ya alasiri keshapata nyingine. Hawaulizani vyeti. Ujumbe wa sauti unatosha: "Huyu ni wetu." Hata mimi niliingia hivyo hivyo.

Tena hawafichani maneno yao ya siri. Wisam alikuwa mkuu wa mitambo, na neno lake la kufungulia mitambo lilijulikana na nusu ya Ghorofa. Nilipomgombeza alinijibu, "Nimfungie mlango mtu niliyekula naye maharage sahani moja miaka minne?"

Wiki tatu kabla hajafa, Alhamisi jioni, miadi ya hospitali kumi na moja ilifutika yote. Wagonjwa wa figo walitoka Ma'an na Karak, kusini, kesho yake alfajiri, wakafika Amman wakakuta vitanda vina watu wengine. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha aliyefuta aliingia kwa jina la Wisam. Ripoti ikaandika Wisam. Mtandaoni wakaandika Wisam. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya mkate alimuuliza mama kama anajua mwanawe ametesa watu wangapi. Tangu siku hiyo mama hanunui mkate, ananituma mimi.

Wiki iliyopita niliwaachia pale nilipofungua simu ya Wisam nikakuta sauti ya Muhannad, mkuu wa kampuni, mwenzake wa chumba kimoja kule Irbid. Ni ya Alhamisi ile ile. "Wisam, nimefuta mimi. Niliingia kwa neno lako. Nimekwisha, ndugu yangu."

Nilizima pale pale kwa hasira. Sikusikiliza kilichofuata. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nitaungama mengine kadiri ninavyoendelea.

Jumanne nilimvamia Muhannad ofisini kwake.

"Karibu, dada. Chai?"

"Sitaki chai. Nani alifuta miadi?"

Alitazama mlango. Nikaufunga.

"Umefungua simu yake," alisema.

"Ni simu ya kaka yangu."

"Umesikiliza mpaka mwisho?"

"Nimesikiliza ya kutosha."

"Hujasikiliza." Alivua miwani. "Nenda kasikilize jibu lake, halafu urudi unitukane. Sitoki hapa."

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi. Ndiyo, zile zile. Nikaweka simu sikioni.

Sauti ya Wisam ilitoka ikiwa na kicheko ndani yake, kama kawaida yake mambo yakiharibika.

"We Muhannad, acha kulia kama bibi harusi. Sikiliza. Watu wa Ghuba wanakuja kununua kampuni kwa sababu yako, si kwa sababu yangu. Wakijua ni wewe, wanaondoka, na watu arobaini wanarudi nyumbani, na Rudaina yumo. Jina lililoko kwenye mtambo ni langu, basi liache. Mimi watanigombeza tu. Lakini mwezi mmoja, unasikia? Mambo yakitulia, unasema ukweli."

Kisha Muhannad: "Mwezi mmoja. Wallahi, Wisam. Kwa kichwa cha mama yangu."

Kisha Wisam tena: "Mwache mama yako apumzike. Nenda ukale."

Basi. Hapo ndipo yalipoishia.

Nilikaa pale nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyoingia, na mara hii sikujua nimkasirikie nani. Muhannad hakumsingizia. Wisam alijitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, huku akicheka. Na sababu mojawapo ni mimi na kazi yangu ya kubonyeza vitufe.

Nilirudi ofisini. Muhannad alikuwa amekaa vile vile.

"Mwezi umepita," nikamwambia.

"Umepita."

"Na arubaini yake imepita."

"Najua, Rudaina. Nilikuwepo."

"Basi sema."

"Jumapili watu wa Ghuba wanasaini. Ile ripoti ni sehemu ya mkataba, ukurasa wa nne. Nikibadilisha jina leo, hawasaini."

"Na wakishasaini, utasema?"

Alifuta miwani kwa ncha ya tai. Akaifuta tena.

"Wakishasaini, nami nitakuwa nimesaini kwamba ripoti ni kweli."

"Kwa hiyo husemi leo, na baada ya Jumapili huwezi kusema. Utasema lini?"

Aliivaa miwani, akaanza kupanga karatasi za mezani.

"Muhannad, nakuuliza. Lini?"

"Yeye mwenyewe alitaka, dada."

"Alitaka mwezi mmoja!"

"Maiti haumii kwa ripoti. Mimi nina watoto watatu na watu arobaini juu ya shingo yangu."

"Mama yangu hanunui mkate."

Alinitazama kama nimezungumza lugha ya mbali. Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza mambo ya foleni. Nilimwambia tu, "Una siku mbili. Alhamisi jioni ukiwa hujasema, Jumapili nitaingia mkutanoni na simu hii mkononi."

Kosa la pili. Mtu kama Muhannad humpi muda. Mtu mwenye watu, ukimpa siku mbili, umempa watu wake wote siku mbili.

Jumatano asubuhi kundi lao la Wasapu lilinyamaza.

Simu ya Wisam ilikuwa bado imo kundini. Tangu afe nilizoea kuisikia ikilia saa moja asubuhi: salamu, vichekesho, picha za maharage, fulani anatafuta kazi, fulani kapata. Mama naye alizoea. Alikuwa anasema, "Wameamka watoto." Jumatano haikulia hata mara moja.

Nikampigia Talat, kijana wao wa maneno mengi, asiye na mke. Ndiye aliyebeba viti siku tatu za msiba.

"Talat, mbona kundi kimya?"

"Ah, dada. Tumefungua jingine. Kwa heshima ya marehemu."

"Heshima gani hiyo, kumwacha peke yake kundini?"

"Usiwe hivyo bwana. Hebu tuongee kama ndugu. Cheti chako kinasemaje?"

"Unakijua."

"Sekondari. Na uliingiaje kazini?"

"Kwa Wisam."

"Uliingia kwa Ghorofa. Sasa ukimwangusha mtu wa Ghorofa mbele ya wageni, nani katika Amman hii atakufungulia mlango? Huku niko mimi, kule yuko mwenzangu, pale mwenzetu. Utakwenda kuuza ufuta?"

"Kwani Wisam si mtu wa Ghorofa?"

"Wisam? Wisam ndiye taji letu!"

"Taji mbona mnalikalia?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. Aliporudi sauti yake haikuwa na mzaha.

"Wisam hawezi kufukuzwa kazi, Rudaina. Muhannad anaweza. Hapo ndipo tulipofikia. Sikusema ni vizuri."

Akakata.

Alhamisi Muhannad hakusema kitu kwa mtu yeyote. Badala yake baba yangu, mstaafu wa posta ambaye simu yake hulia mara moja kwa wiki, alipigiwa simu.

"Um Wisam! We, Um Wisam! Tunaletewa jaha!"

Mama alitoka jikoni na kijiko mkononi. "Jaha ya nini?"

"Kesho baada ya alasiri! Muhannad na wenzake, watu ishirini, na mkuu wa msafara ni Basha Nayif! Basha mwenyewe, na nyota zake!"

Jaha ni msafara wa watu wa heshima wanaokuja kwako kuomba jambo kubwa. Mara nyingi jambo hilo ni posa. Na Basha ni jina la heshima tunalowaita majenerali. Mama alinitazama mimi, mimi nikatazama ukuta.

"Baba, hawaji kuposa."

"Wamekuambia?"

"Muhannad ana mke na watoto watatu."

"Muhannad ana mke, Talat hana! Tangu msibani yule kijana anauliza hali yako. 'Ami, Rudaina amekula? Ami, Rudaina amelala?' Unadhani sioni?"

"Baba, nisikilize kwanza. Kuna jambo kwenye simu ya Wisam..."

"Simu! Watu ishirini wavae suti, wamtoe Basha nyumbani kwake siku ya Ijumaa, waje wazungumze simu? Hebu nenda ukamsaidie mama yako."

Na yeye akatoka kwenda kukodi viti.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza kusimama barabarani nikapiga kelele mpaka anisikie. Lakini mama alikuwa ameshatoa vikombe vya kahawa vyenye mstari wa dhahabu, anavipangusa kimoja kimoja, na alikuwa anaimba kwa chini. Zaidi ya siku hamsini sikuwa nimesikia sauti hiyo.

Nikajidanganya. Jaha huja pia kuomba radhi. Nikasema moyoni, labda Muhannad ameona aibu, labda anakuja kusema mbele ya Basha kilichotokea, na baba ataamka Jumamosi akiwa na mwanawe msafi. Nililala na uongo huo. Hilo ni kosa la tatu, na ndilo linaloniuma zaidi.

Walikuja kweli watu ishirini. Sebule ilijaa, wengine wakakaa varandani. Sisi wanawake tulikuwa ukumbini nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Mama alivaa gauni lake la kijani. Alinishika mkono.

"Talat amenyoa vizuri," alininong'oneza.

Binamu yangu alimimina kahawa. Kikombe cha kwanza kwa Basha Nayif, kama inavyotakiwa. Basha alikipokea, akakiweka mezani mbele yake. Hakukigusa tena. Wote ishirini wakaweka vyao, maana kahawa ya jaha hainywewi mpaka mwenye nyumba akubali ombi, na ikishanywewa hakuna kurudi nyuma.

"Abu Wisam," Basha alianza, kwa ile sauti ya watu walioamrisha majeshi. "Tumekuja kwako na haja. Kahawa yako ni azizi, lakini hatuinywi mpaka..."

"Inyweni, Basha!"

Baba hakumwacha amalize. Nilimwona kwa ule upenyo. Alikuwa amesimama, mikono wazi, uso unawaka kwa furaha.

"Abu Wisam, hujasikia haja yetu."

"Watu wa Wisam hawaulizwi haja katika nyumba ya Wisam! Mlilolijia mmepewa. Inyweni kahawa yenu!"

Mama alifungua mdomo apige kigelegele. Nikamziba kwa kiganja.

"We mtoto, una wazimu?"

"Subiri, mama. Nakuomba, subiri."

Kule ndani walitazamana. Talat alitazama viatu vyake. Muhannad ndiye aliyeinua kikombe wa kwanza, kabla ya Basha, jambo ambalo hata mtoto hafanyi. Akanywa chote. Basi wote wakanywa.

"Mungu akuzidishie, Abu Wisam," Basha alisema taratibu. "Umeturahisishia. Haja yetu ni simu ya marehemu. Nimeambiwa ina siri za kazi, na kampuni ina jambo kubwa Jumapili. Tunaomba simu hiyo, na neno lako kwamba binti yako hatasema kilichomo."

Baba alikaa.

Alikaa polepole, mikono bado wazi, kama mtu aliyesahau kuikunja. Nilidhani atasema, hapana, sikujua. Mtu mwingine angesema. Lakini alikuwa ameshasema "mmepewa" mbele ya watu ishirini, na kahawa ilikuwa tumboni mwao.

"Simu," alisema baba.

"Simu, ami," alisema Talat, bila kuinua macho. "Na nakala, kama zipo."

"Rudaina!"

Niliingia. Wanaume wote waliinamisha macho isipokuwa Basha.

"Lete simu ya kaka yako."

"Baba, muulize Muhannad kwanza anaitakia nini."

"Nimesema ilete."

"Muhannad!" Nilimgeukia. "Umekuja kwetu na watu ishirini. Sema mbele ya Basha, mwezi mmoja ni siku ngapi?"

Muhannad alivua miwani, akaanza kuipangusa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mwezi gani?" Basha aliuliza. "Kijana, anazungumza mwezi gani huyu?"

"Mambo ya kazi, Basha," Talat aliwahi. "Ratiba."

Basha alimtazama Talat, akamtazama Muhannad, akatazama kikombe chake kitupu. Niliona ameelewa kwamba kuna kitu hakuambiwa. Niliona pia kwamba hatauliza zaidi, maana ameshakunywa.

"Una nakala?" baba aliniuliza.

Ningeweza kudanganya. Mnajua ningeweza? Neno moja tu, "sina," na leo ningekuwa ninaandika mengine. Lakini alikuwa ananitazama baba yangu, mbele ya watu, na uso wake ulikuwa unaniomba nisimzidishie.

"Ninayo. Kwenye simu yangu."

"Ifute."

Niliifuta mbele yao. Talat alisogea kuhakikisha, akamwashiria Muhannad kwa kichwa kwamba imefutika. Kisha nikatoa simu ya Wisam mfukoni nikaiweka mezani kati ya vikombe.

Hapo mama akaingia. Um Wisam, ambaye hajawahi kuingia kwenye kikao cha wanaume maisha yake yote, aliingia na gauni lake la kijani.

"Na sauti ya mwanangu?"

Wanaume waliangalia vikombe.

"Kila asubuhi namsikiliza humo. Anasema, 'Mama, nimefika.' Kila siku alikuwa ananitumia. Zimo mia na zaidi. Mnakwenda nazo wapi?"

"Tutakurushia, mama," Talat alisema. "Zile za nyumbani tutakurushia zote. Tukishazichambua."

"Mtazichambua," alisema mama.

Muhannad aliichukua simu. Walitoka mmoja mmoja wakimpa baba mkono. Basha alitoka wa mwisho, akakishika kiganja cha baba muda mrefu.

Tulibaki na viti vya kukodi na vikombe ishirini na moja.

"Nilidhani wamekuja kukuposa," baba alisema.

"Nilikuambia!"

"Uliniambia."

"Nilikuambia, baba, ukaniambia nenda jikoni! Umemtoa Wisam kwa kikombe cha kahawa, hata hukuuliza wanataka nini!"

"Rudaina!" Mama alinivuta.

"Mwache," alisema baba. "Mwache aseme. Nilitaka mama yako apige kigelegele siku moja tu. Humu ndani kila anayebisha hodi anakuja na pole. Nilichoka na pole." Alichukua kikombe, akakirudisha. "Sasa niambie. Ndani ya simu kulikuwa na nini?"

"Umenifunga mdomo."

"Nje. Ndani ya nyumba hii sikumfunga mtu."

Nikamwambia yote. Alhamisi ile, neno la siri, kilio cha Muhannad, jibu la Wisam, mwezi mmoja, kichwa cha mama yake. Nilimwigiza Wisam mpaka kicheko chake. Mama alikaa sakafuni.

Baba alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Alimwambia aende akale?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa muda mrefu, kisha akaenda kulala na nguo zake, jua bado halijazama.

Jumamosi hatukusemeshana. Sikuwa tayari kumsamehe, na nasema kweli, mpaka ninavyoandika haya sijui kama nimemsamehe. Nilikuwa naosha vyombo kwa kelele. Nilimchukia Talat kwa kubeba viti msibani, nikamchukia Muhannad kwa kutokuwa mtu mbaya kabisa, maana angekuwa mbaya kabisa ningejua la kufanya. Nilimchukia hata Wisam dakika mbili tatu. Watu arobaini! Nani aliwaomba wabebwe?

Adhuhuri ilipopita nilimkuta baba sebuleni. Ametandika blanketi juu ya meza, anapiga pasi suti yake ya posta, ile aliyostaafu nayo.

"Huo mkutano wa Jumapili ni ghorofa ya ngapi?"

Niliacha kitambaa. "Ya tano. Baba, unataka kufanya nini? Ulitoa neno."

"Nilitoa. Waliniomba simu, nikawapa. Wakaniomba mdomo wako, nikawapa. Hayo mawili. Sirudi nyuma hata kidogo, na wewe hutasema hata neno."

"Basi?"

"Mimi hawakuniomba chochote. Walidhani sijui kitu, na ilikuwa kweli." Aligeuza mkono wa koti, akaupiga pasi taratibu. "Sina simu, sina nakala. Nitamuuliza Muhannad swali mbele ya hao wageni, na anijibu akinitazama. Akisema ni Wisam aliyefuta, nitarudi nyumbani."

"Atasema ni Wisam."

"Labda."

"Atasema, baba! Ghorofa nzima itakuwa nyuma yake!"

"Na Wisam, nani yuko nyuma yake?"

Mama alitoka chumbani na brashi ya viatu, akaanza kupaka rangi viatu vya baba bila kutuangalia.

Simu yangu ililia. Nilidhani ni zile sauti alizoahidi Talat. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisini, umeandikwa kwa adabu zote: Rudaina, kwa kuzingatia msiba wako umepewa mapumziko ya wiki mbili kuanzia kesho. Kadi yako ya mlangoni imesimamishwa mpaka utakaporudi. Pole sana.

Nilimsomea baba. Aliniomba nisome tena ile sehemu ya kadi.

Mlango wa chini pale ofisini haufunguki bila kadi, na mlinzi amewekwa na Muhannad. Mkutano ni Jumapili saa nne asubuhi. Baba hajawahi kufika kule, kwa hiyo nitampeleka mimi mpaka mlangoni.